Mgongo wa Shemeji

Kishindo alipopiga ngoma yake mara ya kwanza mbele ya mashine, sindano iliruka kama panzi na kuchora mstari uliopinda kwenye sahani ya nta. Mgeni wa mashine akainua mkono. Bendi nzima ikanyamaza, isipokuwa mpiga kodiani, ambaye hupiga akiwa amefumba macho, na ambaye alichelewa kujua kwamba wimbo umekwisha kabla haujaanza.

"Mgeni anasema ngoma irudi nyuma," alisema wakala.

Wakala alikuwa na duka la magramafoni mjini, na ndiye aliyemleta yule mgeni na masanduku yake ili bendi za dansi zirekodiwe. Walikodi chumba cha juu cha ghala la magunia. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili kelele za barabarani zisiingie, na jiko la mkaa liliwashwa pembeni, kwa sababu nta ikipoa huwa ngumu na sindano haiwezi kuichonga. Kwenye ukuta wa mbao uliosimamishwa katikati ya chumba palitobolewa tundu, na katika tundu hilo lilichomoza bomba pana la bati lililofunua mdomo kama wa tarumbeta. Mgeni na mashine yake walikuwa upande wa pili, wakichungulia kwa kidirisha. Sauti zote ziliingia bombani, zikaenda zikasukuma sindano, na sindano ikachonga nta. Ilikuwa kazi ya nguvu za sauti tupu. Sauti ikiwa ndogo sindano haitingishiki, ikiwa kubwa inaruka nje ya njia.

Na Kishindo hakupewa jina hilo kwa kunong'ona.

Akarudi nyuma hadi mlangoni. Sindano ikaruka. Akatolewa hadi kwenye ujia, akapelekwa hadi katikati ya ngazi, ambako hakuisikia bendi vizuri na akawa anapiga kama mtu anayezungumza usingizini. Lakini nyumba ile ilikuwa ya mbao kuukuu. Mshindo ulipita chini ya sakafu, ukapanda kwenye miguu ya meza, na sindano ikatetemeka tena. Sahani nyingine ya nta ikaharibika. Mgeni akafuta miwani yake kwa leso na kusema sentensi fupi ambayo haikuhitaji mkalimani.

"Ngoma itoke," akasema wakala.

"Itoke iende wapi?" akauliza mpiga tarumbeta. "Ikitoka zaidi ya pale itakuwa imefika kwake."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta. Kishindo alikuwa amepanda ngazi na kusimama mlangoni, ngoma kwapani, jasho likimchuruzika ndani ya koti jeupe. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amewashonea wote watano makoti meupe kwa ajili ya siku hiyo. Jirani alipomkumbusha kwamba santuri haina macho, alijibu kwamba mtu aliyevaa vizuri husikika vizuri.

"Mmeamuaje?" Kishindo akauliza.

Kiongozi wa bendi, mpiga fidla, akajishika tai. Watu walimwita Bwana Tai. Wengine walisema ni kwa ajili ya kitambaa anachofunga shingoni, wengine wakasema ni kwa ajili ya yule ndege. "Ndugu yangu," alisema, "mashine haina ubaya na mtu. Ni masikio yake tu madogo."

"Sisi ni bendi ya dansi. Watu watacheza kwa kitu gani? Kwa kukonyezana?"

Hapo Kishindo akamtazama Chiriku, mwimbaji. Chiriku alikuwa mdogo wake mkewe. Tangu alipohamia mjini alikuwa akilala sebuleni kwa Kishindo, akila sahani moja naye, na ni kwa kuisikiliza ngoma hiyo ndipo alipojifunza wapi mtu huingia kwenye wimbo na wapi hutoka. Kishindo hakutaka mengi. Alitaka neno moja tu.

Chiriku akalitazama bomba. "Shemeji, ni nyimbo mbili tu," akasema. "Tukitoka hapa tuko pamoja kama zamani."

"Haya."

Wakala, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaona amsaidie. "Unaweza kukaa pale chini mlangoni uwanyamazishe wapagazi. Hiyo nayo ni kazi ya bendi."

Kishindo hakukaa mlangoni. Alipita katikati ya wapagazi, akatokea barabarani jua la utosi, na koti lake jeupe na ngoma yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mkaa akamchangamkia. "Kaka, harusi iko wapi?"

"Imevunjika," akasema Kishindo, akaendelea kutembea.

* * *

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alisikia mlango ukifunguka akaacha kukanyaga cherehani. Watoto wake mapacha, ambao bado walikuwa wakijifunza kutembea, walikaa sakafuni wakigombania kibiringo cha uzi.

"Mmemaliza mapema," akasema.

"Mimi nimemaliza. Wenzangu wanaendelea."

Akamtazama anavyovua koti. Alilikunja taratibu, mshono kwa mshono, kama kitu cha mtu mwingine anachotaka kukirudisha. Basi Mama Pacha hakuuliza upesi. Alimtengea maji ya kuoga, akamtengea chakula, ndipo akauliza, na mumewe akamweleza mpaka mwisho.

"Na mdogo wangu alisema nini?"

"Alisema ni nyimbo mbili tu."

Mama Pacha akauma uzi kwa meno.

Chiriku alirudi jioni, sauti imemkauka kama ganda. Hakujua hali ya hewa ya nyumba aliyokuwa akiingia, au alijua akaona afadhali aingie akizungumza. "Shemeji, hata sisi mambo hayakwenda," akasema huku akivua viatu. "Ile nta inabeba dakika tatu tu. Sisi tumezoea wimbo uende mpaka watu wachoke miguu. Leo tunaanza kama watu wa matembezini, tunamaliza kama waliofukuzwa na nyuki. Mara wimbo unakwisha nta ingalipo, mara nta inakwisha mimi bado niko ubeti wa pili. Na lile bomba! Nikisogea, eti napiga kelele. Nikirudi, eti sisikiki."

"Poleni," akasema Kishindo.

"Mgeni anaondoka kesho kutwa. Akitushindwa anachukua bendi nyingine."

"Basi lala mapema. Ila sijui kama utalala vizuri hapa. Nyumba hii ina ngoma ndani. Isije ikakuharibia koo."

Chiriku akasimama na kiatu kimoja mkononi. "Unanifukuza, shemeji?"

"Mimi sijamfukuza mtu. Mimi ndiye niliyefukuzwa, na ulikuwepo."

"Ulitaka niseme nini? Tuondoke wote, turudi kupiga kwenye harusi za watu wanaotulipa kwa makombo? Mtu kama mimi ataimba mbele ya mashine mara ngapi maishani?"

"Sikutaka uondoke. Nilitaka useme, 'Huyu ni shemeji yangu.' Halafu ningeondoka mwenyewe."

Mama Pacha akasimama katikati yao, sindano ikiwa bado kifuani pake, pale anapoichomeka akishona. "Mnanifanya kitambaa?" akauliza. "Huyu anavuta huku, huyu anavuta kule. Nikichanika nani atanishona?"

Lakini Chiriku alikuwa ameshakunja mkeka wake. Alitoka bila kugusa chakula, akaenda kujihifadhi kwa Bwana Tai. Mama Pacha aliondoa sahani mezani.

* * *

Kesho yake Kishindo alikwenda kwenye karakana alikoajiriwa useremala. Msimamizi, aliyekuwa ameombwa ruhusa ya siku tatu, alishangaa kumwona.

"Si ulisema unaingia kwenye santuri?"

"Hapakuwa na nafasi."

Jirani na karakana palikuwa na kibanda cha kinyozi, na kinyozi ana masikio mawili yake na mengine ya wateja. Kufikia saa nne habari ilikuwa imekwishanyolewa, imechanwa na kupakwa mafuta. Wiki nzima Kishindo alikuwa amewaambia watu wa pale kwamba watanunua santuri na watamsikia. Sasa alipopita akiwa na ubao begani, kinyozi akatoa kichwa nje.

"Mwalimu wa ngoma! Nasikia ulikuwa mlinzi wa mlango."

"Hata huo nilikataa," Kishindo akajibu, akajaribu kutabasamu pamoja na waliocheka. Aliranda ubao ule hadi ukawa mwembamba kuliko ulivyotakiwa, na msimamizi akamwambia aende nyumbani akapumzishe hasira kabla hajamaliza mbao zote.

Wakati huo Mama Pacha alikuwa kwenye ghala la magunia. Aliwaacha watoto kwa jirani, akafunga chakula kwenye kitambaa, akajiambia kwamba anakwenda kumlisha mdogo wake aliyelala na njaa. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Alitaka kukiona kitu kilichoivunja nyumba yake.

Alikaa kwenye ngazi na kusikiliza. Alizijua nyimbo za bendi ile kama anavyojua milango ya kwake, kwa sababu zilifanyiwa mazoezi sebuleni kwake. Wimbo waliokuwa wakirekodi ulikuwa wa Chiriku mwenyewe, "Usipige Hodi". Ulianza vizuri. Kisha tarumbeta ikatangulia, fidla ikaikimbilia, kodiani ikabaki nyuma ikihema, na sauti ya mdogo wake ikawa inapiga mbio katikati yao kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Wimbo ukakatwa. Ukaanza tena, ukakatwa tena.

Walipotoka kupumzika alimpa Chiriku chakula. Alisubiri mpaka amemeza tonge la kwanza, ndipo akasema, mbele ya Bwana Tai na wenzake wote, "Nimekulea tangu unatambaa. Sikukulea uangalie bati wakati shemeji yako anatolewa nje."

Chiriku akaweka chini tonge la pili. "Najua, dada."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu pale pale."

"Basi kula. Mtu hajuti vizuri akiwa na njaa."

Alipofika nyumbani alikuta mumewe amekwisha kuwachukua watoto kwa jirani. Walikuwa wamelia hadi wamechoka, naye alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja, pacha mmoja bega la kulia, mwingine bega la kushoto, akiwabembeleza. Mama Pacha alisimama mlangoni. Kila mkono ulikuwa ukipiga mgongo mdogo kwa kiganja na ncha za vidole, polepole, bila sauti. Mkono wa kushoto ulishika mapigo mazito, wa kulia ulijibu kwa mepesi. Akatambua. Ulikuwa "Usipige Hodi", tangu mwanzo hadi mwisho, na mwendo wake haukuyumba hata chembe. Watoto walikuwa wamelala fofofo.

"Baba Pacha," akasema kwa sauti ya chini. "Umesikia unachopiga?"

"Sipigi kitu. Nawalaza watoto."

"Unapiga ngoma. Ngoma isiyorusha sindano."

Akamweleza aliyoyasikia kwenye ngazi. Kishindo alisikiliza, na moyo wake ukafurahi kwa ubaya alipoambiwa kwamba wenzake wanakimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Kisha akaona haya kwa furaha hiyo, kwa sababu na yeye alikuwa wa bendi hiyo.

"Unataka nikafanye nini? Nikawapigepige migongo kama watoto wenye kwikwi?"

"Mpige mmoja. Yule aliyeingiza kichwa kwenye bomba, ambaye haoni mtu wala hasikii mwendo. Wengine watakutazama wewe, kama kawaida yao."

"Mgongo wa shemeji yangu."

"Ndio huo."

"Nitaingia mle ndani na uso gani?"

"Huo huo. Una mwingine?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Mama Pacha akamchukua mtoto mmoja, akamlaza kitandani, akarudi kumchukua wa pili. "Mdogo wangu alikukosea," akasema. "Sikatai, na nimemwambia mbele za watu. Lakini yeye ni kijana aliyeogopa, na wewe ni mtu mzima uliyeudhika. Kati yenu, nani anaweza kuanza kutembea?"

"Hata nikienda, santuri haitanisikia."

"Haitakusikia," mkewe akakubali. Hakutaka kumdanganya.

* * *

Asubuhi ya siku ya mwisho, wakala alimkuta Kishindo amesimama juu ya ngazi, kavaa koti jeupe.

"Bwana, tulikwisha kusema. Ngoma hapana."

"Unaiona ngoma?"

Wakala akamtazama nyuma, akamtazama kwapani.

"Nina mikono tu," akasema Kishindo. "Niulizie kwa mgeni kama mikono inaruhusiwa."

Mgeni aliulizwa, akaeleweshwa kwa ishara nyingi, akaangalia saa yake, kisha akaangalia sahani za nta zilizobaki. Zilikuwa mbili. Akainua mabega. Bwana Tai, ambaye hakulala vizuri, alimshika Kishindo mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema, "Ndugu yangu, ndugu yangu."

Kishindo akavua viatu. Akaenda kusimama nyuma ya Chiriku, ambaye tayari alikuwa ameinama uso ukiwa mdomoni mwa bomba. Hawakusalimiana. Kijana alijua ni nani aliyesimama nyuma yake, kwa sababu mgongo wake ulikakamaa kama ubao, na Kishindo, aliyeshika mbao maisha yake yote, alipoweka viganja alihisi kwamba ubao huu ulikuwa ukitetemeka.

"Ukifika pale pa juu nitakuvuta kola," akamnong'oneza. "Urudi nyuma. Nikikusukuma, ingia. Mengine niachie."

"Sawa, shemeji."

Mgeni akashusha mkono. Fidla ikaanza. Kishindo akapiga pigo la kwanza katikati ya mabega, la pili ubavuni, na hapo Chiriku akaruka, akapiga kelele, akaangua kicheko ndani ya bomba.

Mashine ikazimwa. Mgeni akatokea nyuma ya ukuta wa mbao, amewiva uso.

"Nini?" wakala akafoka. "Nini tena?"

"Nisameheni," akasema Chiriku, machozi yakimtoka kwa kucheka. "Nina mtekenyo."

Kisha mpiga kodiani akaguna, mpiga tarumbeta akageukia ukutani mabega yakitikisika, na Kishindo, aliyekuja pale na uzito wa siku tatu kifuani, akasikia kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Alicheka hadi akajishika ukutani. Bwana Tai alicheka hadi tai ikamlegea. Hata mgeni, ambaye hakuna aliyemtafsiria, mwishowe alitikisa kichwa na kufunika mdomo kwa leso yake.

"Imebaki moja," akasema wakala, yeye peke yake akiwa hajacheka. "Hii ikiharibika, mgeni anafunga masanduku."

"Usiguse ubavu, shemeji," Chiriku akaomba.

"Siugusi. Pumua."

Walisimama tena. Safari hii mgongo haukuwa ubao. Kishindo akaweka mikono, akangoja pumzi ya kijana ishuke na kupanda, na akaanza kupiga wimbo kimya kimya kabla ya bendi, ili mwendo uwe tayari upo wenzake watakapoukuta. Mgeni akashusha mkono. Fidla ikaingia, kodiani ikaingia, tarumbeta ikaingia kutoka kule mbali ilikowekwa isirushe sindano, huku mpigaji akiwa amepinda shingo asiache kumwona Kishindo. Wote walitazama mabega yake, hata mpiga kodiani, aliyefumbua macho siku hiyo. Yalikwenda kama siku zote walivyoyaona juu ya ngoma, na hakuna aliyekimbia, kwa sababu hapakuwa na sababu ya kukimbia.

*Ukipita kwangu usipige hodi,
mlango uko wazi, sauti yako naijua.*

Chiriku aliimba. Kila alipofika pa juu alivutwa kola akarudi, kila alipofika pa chini alisukumwa akaingia, na katikati mikono ile iliendelea kumwambia: sasa, sasa, bado, sasa. Mapigo ya kwanza Kishindo aliyapiga kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Katika ubeti wa pili alisahau. Jasho la kijana lililowesha koti, likalowesha viganja, na ikawa vigumu kujua mapigo yanatoka kwa nani. Waliifikia nota ya mwisho. Kishindo akabana mabega ya shemeji yake, na bendi yote ikasimama pamoja kama mtu mmoja anayefunga mlango.

Hakuna aliyepumua hadi mgeni alipoinua sindano. Alichungulia nta kwa kioo cha kukuzia, akazunguka nayo taratibu kuelekea kwenye mwanga. Akasema neno moja.

"Amesema imekaa," akasema wakala, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Waliposhuka ngazi, Chiriku alibaki nyuma mpaka wakawa wawili.

"Pale mwanzo ulinipiga kwa kisasi, shemeji."

"Mwanzo, ndiyo."

"Nilistahili. Siku ile niliona nikisema neno watanitoa na mimi. Nilikuogopa baadaye kuliko nilivyoogopa pale."

"Mkeka wako uko wapi?"

"Kwa Bwana Tai. Anakoroma, shemeji. Kwa nota mbili."

"Nenda kauchukue."

Jioni hiyo Chiriku alisimama nje ya nyumba ya dada yake na mkeka begani, hajui aingie au abishe. Akabisha. "Hodi!"

"Wewe si ndiye uliyeimba watu wasipige hodi?" sauti ya Mama Pacha ikajibu kutoka kwenye cherehani. "Ingia, chakula kinapoa."

* * *

Miezi ikapita, santuri zikaja kwa meli ndani ya masanduku yaliyojaa maranda. Wakala alileta moja pamoja na gramafoni ya kuazima, akaiweka kwenye kibanda cha kinyozi, kwa kuwa hakuna mahali pengine mtaani palipokuwa na watu tayari wamekaa wakisubiri. Watu wakajaa hadi barabarani. Mama Pacha alipewa kiti, mapacha mapajani. Kishindo alisimama nyuma, karibu na mlango. Alikuwa amejiandaa.

Kinyozi akazungusha mkono wa mashine, akaweka sindano. Kwanza kukawa na mchakaricho, kama mtu anayekaanga kitu chumba cha pili. Kisha fidla ya Bwana Tai ikatoka ndani ya kijisanduku kile, ndogo, ya mbali, lakini ni yenyewe, na watu wakapiga mayowe. Kodiani ikaja. Tarumbeta ikaja. Chiriku akaja, na Chiriku mwenyewe, aliyekuwa amesimama mbele yao, akajifunika uso kwa aibu na furaha.

"Kishindo!" kinyozi akaita, wembe mkononi. "Mbona wote nawasikia? Wewe uko wapi humu?"

Watu wakageuka wakacheka.

"Simo," akasema Kishindo. Alilitamka vizuri. Alikuwa amelifanyia mazoezi.

"Nyamazeni!" Mama Pacha akasema. Alikuwa amesogeza sikio karibu na bomba la gramafoni. "Kinyozi, rudisha sindano. Rudisha pale kwenye ubeti."

Ikarudishwa. *Mlango uko wazi*, ikaimba santuri, na sauti ikawa na mikatiko midogo, kama ya mtu anayekaribia kucheka au kulia na hajajua ni kipi kati ya hivyo.

"Mmesikia? Huyu ni mdogo wangu, sauti yake naijua. Yeye huimba moja kwa moja kama uzi. Hapo anakatika. Hapo tena. Na hapo. Nani anamkata?"

Watu wakatazamana. Chiriku akaondoa mikono usoni, akaelewa kabla ya wengine.

"Ni viganja vya shemeji," akasema. "Kila alipopiga, pumzi ilinitoka." Akawageukia watu, akapaza sauti ili hata waliokuwa barabarani wasikie. "Huyu ni shemeji yangu. Mwendo wote mnaousikia humu ni wake. Bila yeye hakuna santuri."

Kinyozi akaweka wembe chini. Akarudisha sindano mwanzo bila kuombwa, na safari hii hakuna aliyezungumza. Kishindo alisogea. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama fundi anayegonga ubao kujua kama una uwazi ndani, na akajisikia. Haikuwa ngoma. Ilikuwa kitu kidogo kuliko ngoma, kinachosukuma ndani ya pumzi ya mtu mwingine, lakini hakikuchelewa hata mara moja. Mikono yake, iliyokuwa imefungamana mgongoni, ikaanza yenyewe kuzifuata nota. Mama Pacha aliiona, akageuza uso akajifanya anamfuta mtoto pua.

"Mwalimu," kinyozi akasema wimbo ulipokwisha. "Kaa kwenye kiti. Leo nakunyoa bure."

Wimbo ule ulipendwa. Ulipendwa hasa kwa ile mikatiko, na waimbaji wa bendi nyingine walijaribu kuiiga wakaishia kukohoa. Mchana mmoja bendi ilialikwa kwenye sherehe ya harusi uwanjani, nafasi tele, ngoma ya Kishindo ikiunguruma inavyotaka. Ilipofika zamu ya "Usipige Hodi", Chiriku akaimba ubeti wa kwanza, sauti imenyooka, safi. Wachezaji wakasimama.

"Siyo hiyo!" mtu akapiga kelele. "Tunataka ile ya kwenye santuri!"

"Ile ile!" wakaitikia wengine. "Ile inayokatika!"

Bwana Tai akashusha fidla, akamtazama Kishindo. Kishindo akaweka ngoma chini taratibu, akapita katikati ya wenzake, na uwanja mzima ukaanza kupiga makofi kabla hata hajafika mbele.

"Polepole, shemeji," Chiriku akanong'ona. "Nimekula sasa hivi."

"Geuka," akasema Kishindo, akikunja mikono ya koti.